Sauti Asilia au Sauti Mpya: Mwongozo wa Kusikiliza Filamu za Zamani Nyumbani

Filamu ya zamani inapotolewa tena kwa watazamaji wa nyumbani, picha na sauti hushughulikiwa kila moja kivyake. Picha huondolewa mikwaruzo na kurudishiwa rangi, na tofauti huonekana na kila mtu. Sauti nayo hufanyiwa jambo moja kati ya mawili. Ama husafishwa mivumo na mikwaruzo tu, ikabaki katika mpangilio wake wa awali, ama huvunjwa na kupangwa upya kwa ajili ya spika nyingi ambazo filamu hiyo haikutengenezewa. Ya kwanza huitwa sauti asilia, na ya pili ni sauti iliyochanganywa upya. Diski moja yaweza kubeba zote mbili, kila moja katika mkondo wake, na mara nyingi mkondo unaoanza kulia wenyewe ni ule mpya. Ndiyo maana watu wengi hutazama filamu ya 1975 kwa sauti ya 2000 bila kujua.

Kwa nyumba za kawaida za Thika na Ruiru, ambako filamu hutazamwa kwenye televisheni yenye spika mbili ndogo au kwa wufa iliyounganishwa kwa waya mwekundu na mweupe, sauti asilia ndiyo chaguo la kwanza karibu kila mara. Sababu si mapenzi ya mambo ya kale. Sauti mpya hutengenezwa kwa chumba chenye spika 5 na wufa, kila moja mahali pake, mpangilio unaoandikwa 5.1. Ikipitishwa kwenye spika mbili hulazimika kukunjwa. Katika kukunjwa huko muziki na milio ya pembeni hurundikwa juu ya mazungumzo, na chaneli ya sauti nzito mara nyingi huachwa kabisa. Hapo ndipo mtazamaji hujikuta na rimoti mkononi muda wote, akiongeza sauti watu wanaponong'ona na kuipunguza bunduki zinapolia. Mono, yaani sauti ya chaneli moja, haina cha kukunjwa.

Asili ilikuwa nini?

Kabla ya kuuliza kama sauti ni asilia, huulizwa kwanza asili yenyewe ilikuwa nini. Jibu hutokana na mwaka wa filamu na chombo ilichotengenezewa. Hadi katikati ya miaka ya 1970 filamu nyingi sana zilikuwa za mono: sauti zote zilitoka mahali pamoja nyuma ya pazia la sinema. Zilizotofautiana hasa ni filamu za gharama kubwa zilizochapishwa kwenye mkanda wa milimita 70, ambao uliweza kubeba chaneli 6 za sumaku. Kisha mfumo wa Dolby Stereo ukaenea, ukaingiza chaneli 4 ndani ya njia mbili za mwanga pembeni mwa mkanda wa kawaida. Apocalypse Now ya 1979 ndiyo iliyoweka kielelezo cha mpangilio wa 5.1 kama unavyojulikana leo, na mwaka 1992 Dolby Digital ikaupeleka mpangilio huo kwenye majumba ya sinema kwa njia ya dijitali.

Kwa hiyo, nambari 5.1 kwenye jalada si dosari yenyewe. Ni dosari pale tu filamu inapokuwa haikuzaliwa nayo.

Mfano ulio karibu zaidi na Thika ni tamthilia ya televisheni The Flame Trees of Thika, iliyotengenezwa na Euston Films kwa ajili ya Thames Television na kuonyeshwa Uingereza mwaka 1981 kwa vipindi 7, Hayley Mills akiwa mama na Holly Aird akiwa mtoto Elspeth. Imetokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, na muziki wake ni wa Ken Howard na Alan Blaikley. Televisheni ya Uingereza wakati huo haikuwa imeanza kutangaza kwa stirio, kwa hiyo sauti asilia ya tamthilia hii ni mono. Nakala yoyote inayodai kuizungushia mtazamaji ndege na mvua pande zote za chumba imeongezewa mambo.

Filamu nyingine zilizopigwa Afrika Mashariki huonyesha jinsi mwaka unavyoamua. Hatari! ya 1962, iliyopigwa Tanganyika na kutiwa muziki na Henry Mancini, ni mono. Born Free ya 1966, iliyopigwa nchini Kenya, ni mono pia, na katika mono hiyohiyo muziki wa John Barry ulipata Oscar mbili, moja ya muziki na nyingine ya wimbo. Lakini Out of Africa ya 1985, ambayo muziki wake ni wa Barry huyohuyo, ilitoka katika enzi ya Dolby na ikapata Oscar ya sauti miongoni mwa 7 ilizotwaa. Kwa Out of Africa mkondo wa stirio au wa 5.1 hauko mbali na kile kilichosikika sinema. Kwa Born Free, upana huo ni nyongeza.

Mchanganyaji anapoingia kazini

Mono ya zamani huhifadhiwa ikiwa imeshachanganywa: mazungumzo, muziki na milio vyote vimekwisha kuunganishwa. Studio ikiwa na bahati, hupata pia mikanda mitatu tofauti, mmoja kwa kila kimoja. Isipokuwa na bahati, mchanganyaji hana budi kuyachuja mazungumzo kutoka kwenye mkanda mmoja na kutengeneza mengine upya. Kwenye milio ndiko mkono wake huonekana zaidi. Mlio wa bastola wa 1966 ulirekodiwa kwa vifaa vya 1966, na ukitoka peke yake kwenye spika kubwa husikika mwembamba. Kishawishi cha kuweka mlio mpya, mzito na safi, huwa kikubwa.

The Good, the Bad and the Ugly ni kesi inayofaa kuchunguzwa. Filamu ya Sergio Leone ni ya 1966. Toleo la DVD la 2004 lilirudisha mandhari yaliyokuwa yamekatwa katika toleo la Kiingereza, na kwa kuwa mandhari hayo hayakuwa na Kiingereza, Clint Eastwood na Eli Wallach waliitwa kuingiza sauti zao wakiwa wazee. Lee Van Cleef alikuwa amefariki mwaka 1989, kwa hiyo nafasi yake ilichukuliwa na mwigizaji mwingine. Anayesikiliza kwa makini humsikia Wallach akizeeka ghafla katikati ya sentensi za jangwani, kisha akirudi ujanani mandhari yanapobadilika. Juu ya hayo, milio ya bunduki iliwekwa mipya katika mkondo wa 5.1. Mono ilirejeshwa na kampuni ya Kino Lorber katika toleo la 2017.

Jaws ya 1975 ilipata Oscar ya sauti ikiwa mono. DVD yake ya 2000 ilileta sauti iliyochanganywa upya, yenye milio mipya, na mono haikuwamo. Mono ikarudi kwenye DVD ya 2005, na Blu-ray ya 2012 ikawa na zote mbili. Terminator ya 1984 ilipita njia ya kinyume: DVD ya 2001 ilikuwa na mono kando ya 5.1 yenye bunduki mpya, kisha Blu-ray ya 2013 ikaja na 5.1 peke yake. Funzo kwa mnunuzi ni kwamba toleo jipya zaidi si lazima liwe kamili zaidi, na diski ya bei rahisi iliyopitwa na wakati yaweza kuwa ndiyo pekee yenye sauti ya kweli.

Si kila kazi ya namna hii hufanywa kiholela. Robert Harris na James Katz walipoirejesha Vertigo ya Hitchcock, filamu ya 1958, mwaka 1996, walikuwa na rekodi za stirio za muziki wa Bernard Herrmann, na kwa milio walifuata maelezo aliyoyaacha Hitchcock mwenyewe. Hata hivyo hatua na milango vilirekodiwa upya, na wapenzi wa filamu walilalamika kwamba vilikuwa na ukavu na ukaribu ambao 1958 haukuwa nao. Muziki ulifaidika, milio ikaharibika. Uamuzi wa haki kuhusu toleo hilo ni huo, na matoleo ya baadaye yaliyoongeza mono yalimaliza ubishi.

Filamu za kung fu na za Kihindi

Hapa ndipo suala linapomgusa mtazamaji wa Ruiru kuliko popote pengine, kwa sababu filamu za Hong Kong ndizo zilizolea vibanda vya video kando ya barabara ya Thika tangu enzi ya kaseti. Hapa pia ndipo swali la asili huwa gumu.

Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1960 na 1970 zilipigwa bila kurekodi sauti papo hapo. Waigizaji walisema maneno yao, wengine kwa Kikantoni na wengine kwa Kimandarini, kisha watu wengine wakaingiza sauti zote studio. Ngumi, vitambaa vinavyopasua hewa, panga zinazogongana: vyote vilitengenezwa studio, kwa mtindo uliojulikana na kupendwa. Mlio wa ngumi katika filamu ya Shaw Brothers haukukusudiwa kufanana na ngumi ya kweli. Ni sehemu ya mdundo wa pambano, kama ngoma.

Kampuni ya Celestial Pictures ilinunua hazina ya Shaw, filamu zaidi ya 700, na kuanzia 2002 ikazitoa kwenye diski zikiwa na picha safi ajabu. Sauti ndiyo iliyozua malalamiko. Nyingi zilikuja na 5.1 ambamo milio mipya ilibandikwa: ndege wa msituni, kengele, ngumi za kidijitali zisizolingana na mvumo wa mazungumzo yaliyorekodiwa 1978. Anayetafuta The 36th Chamber of Shaolin au Five Deadly Venoms, zote za 1978, hufaa kutafuta toleo linalotaja mono waziwazi. Seti za Shawscope za Arrow Video, zilizoanza 2021, ni mfano wa kazi iliyofanywa kwa heshima, kwa kuwa zina mono ya Kimandarini na ya Kiingereza.

The Big Boss ya Bruce Lee, ya 1971, huonyesha kwamba filamu moja yaweza kuwa na asili zaidi ya moja. Toleo la Kimandarini lina muziki wa Wang Fu-ling. Toleo lililopelekwa nchi za Magharibi lilitiwa muziki mwingine kabisa na Mjerumani Peter Thomas. Toleo la Kikantoni la 1983 likapata muziki wa tatu, wa Joseph Koo, ambamo vipande vya Pink Floyd na King Crimson vilichomekwa. Mtu aliyeiona kwa Kiingereza kwenye kaseti anapoisikia kwa Kimandarini hudhani ameuziwa filamu bandia, kumbe anasikia ya kwanza.

Kwa mtazamaji aliyezoea Kiingereza cha kaseti, kile cha sauti nene na maneno yasiyooana na midomo, jibu la busara ni kwamba Kiingereza hicho nacho ni cha enzi yake na kina haki ya kusikilizwa. Kinachopaswa kukwepwa ni Kiingereza kipya kilichoingizwa miaka mingi baadaye. Drunken Master II ya Jackie Chan, ya 1994, ilitolewa Marekani mwaka 2000 kwa jina The Legend of Drunken Master, ikiwa na Kiingereza kipya na muziki mpya uliotungwa badala ya ule wa Hong Kong. Jina lililo kwenye jalada ndilo dalili ya haraka.

Diski za VCD, ambazo bado hupatikana kwenye makabati ya wengi mijini humu, zina ujanja wake. Nyingi kutoka Hong Kong ziliweka Kikantoni kwenye chaneli ya kushoto na Kimandarini kwenye ya kulia. Zikichezwa bila kuchagua, lugha mbili husikika kwa pamoja na diski hulaumiwa bure. Rimoti ya deki huwa na kitufe cha sauti ambacho hupita kushoto, kulia, kisha pande zote mbili.

Filamu za Kihindi hazihitaji maelezo marefu, kwa kuwa tofauti huanzia kwenye toleo lenyewe. Mughal-e-Azam ya 1960 ilitiwa rangi na kurudishwa sinema mwaka 2004. Muziki wa Naushad ulipigwa upya kwa Dolby, ila sauti za waimbaji zikabaki zilezile. Sholay ya 1975 ilikuwa na nakala za milimita 70 zenye stirio tangu mwanzo, kwa hiyo upana wa sauti si ugeni kwake. Toleo lake la 3D la 2014 ndilo lililofanyiwa kazi upya. Nakala ya rangi ya Mughal-e-Azam au ya 3D ya Sholay haifai kuchukuliwa kama rekodi ya kile kilichosikika zamani.

Sauti ya DJ

Katika Kenya, aina ya sauti mpya inayosikika zaidi haikutoka studio yoyote ya ng'ambo. Ni simulizi ya DJ, na jina lililo mbele ya mengine yote ni DJ Afro, anayewaita wasikilizaji wake amigos. Msimulizi huchukua filamu ya kigeni na kuongea juu yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akitafsiri, akibuni, akiwabandika wahusika majina, akimsifu anayempenda na kumcheka adui. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyefanya kazi ya namna hiyo Dar es Salaam. Uganda wapo akina VJ Jingo wanaosimulia kwa Kiganda.

Kiufundi, kazi hii hufanywa kwa kushusha sauti ya filamu msimulizi anapoongea na kuipandisha anaponyamaza, kisha vyote viwili hurekodiwa katika mkondo mmoja. Matokeo yake ni kwamba simulizi haiwezi kuzimwa. Hakuna kitufe cha deki wala programu ya kompyuta itakayomtoa DJ kikamilifu na kuyarudisha mazungumzo yaliyo chini yake. Anayetaka filamu yenyewe hana budi kutafuta nakala nyingine.

Kuihukumu simulizi kwa kipimo cha sauti asilia ni kuikosea. Ni kazi ya sanaa ya pili, yenye wapenzi wake, na katika kibanda chenye kelele za jenereta na pikipiki huwa inaeleweka kuliko mono yoyote ya 1973. Hata hivyo zipo filamu zinazoumia zaidi ya nyingine. Pambano la kung fu huvumilia simulizi, kwa kuwa macho hubeba hadithi. Filamu ya Leone, ambamo dakika nyingi hupita bila neno huku muziki wa Ennio Morricone ukisimulia, hupoteza karibu kila kitu. Utaratibu unaofaa ni kutazama filamu ya aina hii kwanza bila DJ, kisha kumsikiliza DJ kama mtu anayesikiliza mtani akisimulia habari inayojulikana.

Jinsi ya kutambua kilichomo

Jalada husaidia kiasi. Maandishi ya nyuma ya DVD au Blu-ray halali hutaja mikondo: 5.1, 2.0, 1.0, mono, stirio. Neno mono likiwepo, kazi imekwisha. Alama ya 2.0 peke yake ndiyo yenye utata, kwa sababu yaweza kumaanisha mono iliyowekwa sawasawa pande mbili, stirio ya kweli, Dolby ya chaneli 4 iliyofichwa ndani ya mbili, au 5.1 mpya iliyokwisha kukunjwa. Menyu ya diski nayo huweza kukosea.

Jaribio la haraka la nyumbani ni la kuchomoa waya. Filamu ikiwa inacheza, waya mwekundu huchomolewa na mweupe kuachwa, kisha kinyume chake. Kama pande zote mbili hutoa sauti ileile bila tofauti yoyote, mkondo ni mono. Kama muziki hupungua upande mmoja au gari hupita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, si mono, na kama filamu ni ya kabla ya 1975 na haikuwa ya milimita 70, hapo pana shaka.

Kwenye kompyuta jaribio huwa la uhakika zaidi. Programu ya bure ya VLC huonyesha mikondo yote ya faili katika menyu yake ya sauti na kuruhusu kubadilisha filamu ikiendelea. MediaInfo hutaja idadi ya chaneli na ukubwa wa data kwa sekunde. Kwa anayetaka kuthibitisha zaidi, Audacity huweza kutenganisha kushoto na kulia, kupindua mawimbi ya upande mmoja na kuyachanganya. Yakibaki kimya kabisa, pande mbili ni sawa, yaani mono.

Sikio lililozoea halihitaji programu. Sauti mpya hujisaliti kwa umri usiolingana: mazungumzo yana mvumo wa zamani na upembamba wa zamani, halafu mlango unafungwa kwa mlio mnene uliorekodiwa kana kwamba juzi. Dalili nyingine ni mwangwi usio na sababu chumbani, mvua inayosikika mbele ya mtu anayeongea, na kipande cha muziki kinachoanza mapema au kuchelewa kuliko picha inavyotaka. Masikio yaliyolelewa na matatu za barabara ya Thika huenda yakapenda mlio mzito papo hapo. Yapewe robo saa ya mono kabla ya kuamua.

Liko jambo moja ambalo hudhaniwa kuwa uchanganyaji ilhali silo. Kenya ilitumia mfumo wa televisheni wa PAL, na DVD nyingi za PAL huendesha filamu kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Filamu ya dakika 100 humalizika kwa dakika 96, na sauti za watu na ala hupanda kidogo zisiporekebishwa. Waigizaji wakisikika wembamba kuliko wanavyokumbukwa, saa ndiyo ya kutazamwa kwanza. Blu-ray kwa kawaida haina tatizo hilo.

Kuweka sawa televisheni na wufa

Mkondo ukishajulikana, chumba nacho kina la kusema. Vyumba vingi vya ploti za Kihunguro, Kimbo au Makongeni ni vya mawe, vyenye sakafu ya saruji au vigae na dari tupu. Sauti hugonga na kurudi. Pazia zito, zulia na kochi la kitambaa husaidia kuliko kuongeza nguvu ya wufa.

Wufa nyingi zinazoandikwa 2.1 au 3.1 hupokea ishara mbili tu, nyekundu na nyeupe. Spika ya tatu hugawiwa kilekile. Hivyo 3.1 ya dukani haiwezi kuifungua 5.1 ya diski. Mahali pa kurekebisha ni kwenye menyu ya deki au televisheni: sauti ya nje iwekwe PCM au stirio, mkondo uchaguliwe mono au 2.0 asilia, na vikorombwezo vyote vya kuzungusha sauti vizimwe. Vikorombwezo hivyo, vyenye majina ya kuvutia kwenye rimoti, hutengeneza upana wa uongo na kuyasukuma mazungumzo nyuma.

Besi ipunguzwe hadi maneno yasikike bila juhudi. Mono ya zamani haina sauti nzito sana ndani yake, na wufa ikifunguliwa yote huongeza mngurumo wa mkanda wenyewe, ambao hupita ukutani hadi kwa jirani. Spika mbili zikiwekwa karibu na televisheni, mono husikika kama inatoka kwenye picha. Zikitawanywa kona mbili za chumba huacha shimo katikati.

Pale ambapo mkondo uliopo ni 5.1 mpya peke yake, hali ya usiku kwenye menyu ya deki au televisheni ndiyo tiba iliyo karibu. Hupandisha minong'ono na kushusha milipuko. Haimrudishi mtazamaji kwenye 1975, lakini huipumzisha rimoti.

Dukani na mtandaoni

Diski zenye filamu 10 au 20 pamoja, zile za mkusanyiko wa Jackie Chan au Bruce Lee zinazouzwa stendi, hazina cha kuchagua. Ili filamu zote zienee, mikondo ya ziada huondolewa na uliobaki hubanwa. Hizo pia huwa hazina idhini ya wenye haki. Hakimiliki nchini Kenya husimamiwa na Bodi ya Hakimiliki (KECOBO) kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na usambazaji wa filamu huhitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB). Duka linalojaza filamu kwenye flashi bila leseni huuza kitu ambacho mnunuzi hana wa kumrudishia kikiwa na kasoro.

DVD za ng'ambo hununuliwa kwa uangalifu wa eneo. Kenya iko eneo la 5 kwa DVD, na eneo B kwa Blu-ray. Diski ya Marekani ni ya eneo la 1 au A, na deki isiyofunguliwa maeneo huikataa. Seti nyingi nzuri za Uingereza ni za B na hucheza bila shida kwenye deki ya Blu-ray ya hapa, ilhali DVD za Uingereza ni za eneo la 2.

Huduma za mtandaoni, Netflix ikiwa Kenya tangu Januari 2016, hutoa mkondo uliotumwa na mwenye haki, na kwa filamu za zamani mara nyingi huwa ni mmoja kwa kila lugha. Menyu ya lugha na manukuu hufaa kufunguliwa kabla ya kuanza, kwani mkondo wa lugha ya asili ya filamu wakati mwingine ndio ulioachwa bila kuguswa.

Kisingizio cha nafasi hakina uzito. Mkondo wa mono wa kilobiti 192 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwenye DVD, huchukua takriban megabaiti 173 kwa filamu ya saa 2. Mkondo wa 5.1 wa kilobiti 448 huchukua takriban 403. Mchapishaji anayeacha mono hajaokoa chochote cha maana, na mnunuzi aliye na nafasi ya kuchagua kati ya toleo lenye mikondo miwili na lenye mmoja achukue lenye miwili, hata kama picha yake imezidiwa kidogo.